"Kusomewa Sheria ya Ghasia": msemo wa Kiingereza na saa moja iliyowekwa mwaka 1715

Anayesoma magazeti ya Kiingereza yanayochapishwa Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara na habari kwamba waziri fulani amewaita wakuu wa idara zake na, kwa maneno ya mwandishi, "read the riot act", yaani amewasomea Sheria ya Ghasia. Kocha naye huandikwa hivyo hivyo pale timu yake inapofungwa mechi tatu mfululizo, na mwalimu mkuu pale wanafunzi wanapovunja madirisha ya bweni. Maana ya juu haina utata: mtu mwenye mamlaka amewaonya vikali walio chini yake kwamba mwenendo wao ukome, la sivyo hatua zitafuata. Utata unaanza pale msomaji anapoyatazama maneno yenyewe, kwa sababu wakuu wa idara hawakufanya ghasia yoyote, na waziri hakushika karatasi wala hakusoma kifungu cha sheria.

Kamusi nyingi huishia kwenye kueleza kuwa ni kukaripia au kuonya kwa ukali. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha jambo lililo muhimu kuliko yote. Sheria inayotajwa katika msemo huu ilikuwapo, ilitumika Uingereza kwa zaidi ya karne mbili, na tangazo lake lilisomwa kwa sauti mbele ya umati uliosimama barabarani. Baada ya kusomwa, kila aliyekuwa katika umati ule alibakiwa na muda wa saa moja. Kiini cha msemo kiko katika saa hiyo kuliko katika ukali wa sauti, na ndiyo maana inafaa kurudi mwanzo na kuona sheria hiyo ilitungwa kwa nini na ilifanyaje kazi.

Malkia Anne wa Uingereza alifariki tarehe 1 Agosti 1714 bila kuacha mtoto aliye hai. Sheria ya mwaka 1701 ilikuwa imekwisha kuwazuia Wakatoliki kurithi kiti cha enzi, hivyo taji likamwendea George, mtawala wa Hanover huko Ujerumani, huku ndugu wa Anne kwa baba, James Francis Edward Stuart, ambaye alikuwa Mkatoliki, akibaki uhamishoni na wafuasi wake wakiendelea kumhesabu kuwa mfalme halali. Siku ya kutawazwa kwa George wa Kwanza, tarehe 20 Oktoba 1714, fujo zilizuka katika miji kadhaa ya Uingereza. Mwaka uliofuata hali ilizidi kuwa mbaya: makundi ya watu yalizivamia na kuzibomoa nyumba za ibada za Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, hasa katika majimbo ya Staffordshire na Lancashire, kwa sababu Waprotestanti hao walionekana kuwa nguzo ya mfalme mpya na ya chama cha Whig kilichomzunguka.

Serikali ilikuwa na silaha mbili za kisheria, na zote mbili hazikuifaa. Kwa sheria ya kimapokeo ya Uingereza watu watatu tu walitosha kufanya ghasia, lakini kosa lenyewe lilihesabiwa kuwa dogo, la faini au kifungo. Upande wa pili kulikuwa na uhaini. Mwaka 1710, wafuasi wa mhubiri Henry Sacheverell walivamia nyumba za ibada jijini London, wakatoa viti na mimbari na kuvichoma moto nje, na baadhi ya vinara wao wakapatikana na hatia ya uhaini, kwa hoja kwamba anayekusudia kubomoa nyumba zote za ibada za namna hiyo nchini anapigana vita dhidi ya Malkia mwenyewe. Hoja hiyo ilikuwa nzito mno kwa watu waliochoma viti, na isingeweza kutumika kila mahali. Kati ya kosa dogo na uhaini palikuwa na pengo, na Bunge liliamua kuliziba katika Julai 1715, kwa sheria iliyoanza kufanya kazi mwanzoni mwa Agosti mwaka huo.

Msomaji atakayefuatilia zaidi atashangaa kukuta vitabu vya sheria vikiiita sheria ya mwaka 1714, na hakuna kosa la uchapaji hapo. Enzi hizo sheria za Bunge zilihesabiwa kuwa za siku ambayo kikao kilifunguliwa, na kikao hicho kilifunguliwa tarehe 17 Machi. Kwa kuwa mwaka wa kisheria wa Uingereza wakati huo ulianza tarehe 25 Machi, siku hiyo ilikuwa bado ndani ya mwaka 1714.

Utaratibu uliowekwa ulikuwa hivi. Watu kumi na wawili au zaidi wakiwa wamekusanyika kinyume cha sheria na kuvuruga amani, hakimu wa amani, sherifu, meya au ofisa mwingine aliyetajwa alipaswa kwenda katikati yao, au karibu nao kadiri usalama wake ulivyoruhusu, aamuru kimya kwa sauti kubwa, kisha asome tangazo kwa jina la Mfalme. Watu kumi na wawili au zaidi wakiendelea kubaki pamoja kwa saa moja baada ya hapo, kila mmoja wao alikuwa ametenda kosa kubwa la jinai ambalo adhabu yake ni kifo, tena bila ile nafuu ya zamani iliyowawezesha wengi waliotiwa hatiani kwa mara ya kwanza kukiepa kitanzi. Aliyemzuia msomaji kwa nguvu alistahili adhabu hiyo hiyo. Kama usomaji ulizuiwa, waliojua kwamba umezuiwa na bado wakabaki kwa saa moja hawakuwa na pa kujificha. Na saa hiyo ikiisha, maofisa na watu waliowasaidia walipewa ruhusa ya kuukamata na kuutawanya umati, wakiwa na kinga iwapo katika purukushani hiyo mtu angeuawa au kujeruhiwa.

Ugeni wa mpango huo uko hapa: mtu aliyesimama sokoni saa nne na nusu, bila kurusha jiwe wala kuvunja mlango, aliweza kuwa mwenye kosa dogo, na saa tano na nusu akawa mtu wa kunyongwa, ilhali hajasogea hata hatua moja. Kilichombadilishia hali yake mbele ya sheria ni maneno yaliyosomwa na muda uliopita. Ninavyoona mimi, hii ndiyo sababu msemo umedumu kuliko sheria yenyewe, kwa kuwa Kiingereza kina maneno chungu nzima ya kukaripia, lakini machache sana yanayobeba ndani yake wazo la onyo ambalo, likishatolewa, kila kinachofuata kinahesabiwa kwa kipimo kingine.

Ifahamike pia kwamba kilichosomwa barabarani hakikuwa Sheria ya Ghasia. Sheria ilikuwa ndefu, yenye vifungu kuhusu kubomoa makanisa na nyumba, fidia kwa waliobomolewa, na muda wa kufungua mashtaka. Ikisomwa yote mbele ya umati wenye hasira, msomaji asingefika nusu. Iliagizwa isomwe nzima mbele ya watu katika vikao vya mahakama vya kila robo mwaka, ili mtu yeyote asije kudai kwamba hakuijua. Barabarani palisomwa tangazo fupi tu, ambalo kwa Kiswahili ni kama hivi: "Mfalme, bwana wetu, anawaagiza na kuwaamuru watu wote waliokusanyika watawanyike mara moja, na waende kwa amani majumbani mwao au kwenye shughuli zao halali, wasije wakapatwa na adhabu zilizomo katika sheria iliyotungwa katika mwaka wa kwanza wa Mfalme George kwa ajili ya kuzuia fujo na mikusanyiko ya ghasia. Mungu mlinde Mfalme." Watu walizoea kuliita tangazo hilo kwa jina la sheria iliyolizaa, na jina hilo likaganda katika msemo.

Ufupi huo haukumaanisha kwamba msomaji angeweza kusoma apendavyo. Katika kesi ya mwaka 1830 inayojulikana kwa jina la mshtakiwa, Child, ilibainika kwamba aliyesoma tangazo aliyaacha maneno ya mwisho, yale ya kumwombea Mfalme ulinzi wa Mungu. Mahakama iliamua kwamba tangazo lililopungua maneno hayo halikuwa tangazo lililotakiwa na sheria, hivyo saa ya umati haikuwa imeanza kuhesabiwa, na shtaka la kubaki baada ya saa moja likaanguka. Mtu wa leo anaweza kuuona uamuzi huo kuwa wa kushikilia herufi, lakini mimi naona ulikuwa wa haki kabisa: pale ambapo maneno ndiyo yanayomtenga mtu na kitanzi, mtu huyo ana haki ya kuyasikia yote.

Sehemu iliyoleta maafa, hata hivyo, haikuwa maneno hayo bali saa yenyewe. Sheria ilisema kwamba saa moja baada ya tangazo kubaki palepale ni kosa la kifo; haikusema kwamba kabla ya hapo mkono wa dola umefungwa. Wajibu wa zamani wa kila raia, na zaidi wa kila hakimu, wa kuzuia uhalifu unaotendeka mbele ya macho yake ulibaki kama ulivyokuwa. Lakini mahakimu wengi na makamanda wa jeshi waliamini kinyume chake, kwamba bila tangazo na bila saa kutimia mtu haruhusiwi kugusa umati, hata umati huo ukiwa unateketeza nyumba.

Imani hiyo ilikuwa na sababu zake. Tarehe 10 Mei 1768, katika uwanja wa St George's Fields kusini mwa London, askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kumuunga mkono mwanasiasa John Wilkes aliyekuwa gerezani, na watu kadhaa wakafa. Hakimu Samuel Gillam, ambaye alikuwa amesoma tangazo na kutoa amri, alishtakiwa kwa mauaji. Aliachiwa huru, lakini mahakimu wenzake walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mwenye kusoma anaweza kujikuta kizimbani. Miaka 12 baadaye, tarehe 2 Juni 1780, Lord George Gordon aliongoza maandamano makubwa kwenda Bungeni kupinga nafuu ya kisheria waliyopewa Wakatoliki, na kwa muda wa wiki nzima London ikawa mikononi mwa wafanya fujo: gereza la Newgate lilichomwa, nyumba ya Jaji Mkuu Mansfield iliteketezwa pamoja na maktaba yake, na mara nyingi askari walisimama wakitazama kwa sababu hapakuwa na hakimu aliye tayari kusoma. Ilibidi Mfalme George wa Tatu aitishe baraza lake tarehe 7 Juni, ambako mwanasheria mkuu wa serikali, Alexander Wedderburn, alieleza kwamba askari wanaweza kuzuia uhalifu wa wazi bila kungoja tangazo lolote. Jeshi lilipewa amri siku hiyo hiyo, na mamia ya watu wakapigwa risasi. Baadaye Brackley Kennett, aliyekuwa Meya wa London, alishtakiwa na kupatikana na hatia ya kutotimiza wajibu wake wakati wa ghasia hizo.

Gillam alishtakiwa kwa kuchukua hatua, na Kennett kwa kutochukua. Mji wa Bristol ulipowaka moto mwaka 1831 baada ya Bunge kuukataa muswada wa kurekebisha uchaguzi, Meya Charles Pinney naye alifikishwa mahakamani mwaka uliofuata kwa madai ya uzembe, na ingawa aliachiwa, mmoja wa majaji alieleza kwamba mwenye dhamana hiyo anatakiwa na sheria kuupata mstari kamili kati ya kutumia nguvu kupita kiasi na kushindwa kutimiza wajibu. Kanali Brereton, aliyeongoza askari mjini humo, alijiua wakati kesi yake ya kijeshi ikiendelea. Msemo wa leo unatupa picha ya mkubwa anayefoka bila kuogopa chochote, ilhali historia inamwonyesha msomaji aliyekuwa na hofu pande zote mbili, umati mbele yake na mahakama nyuma yake.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Manchester. Tarehe 16 Agosti 1819, makumi ya maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field kumsikiliza Henry Hunt akidai haki ya uwakilishi bungeni. Mahakimu walikuwa wakitazama kutoka dirisha la nyumba iliyokuwa kando ya uwanja. Mmoja wao, Kasisi Charles Ethelston, alidai kwamba alilisoma tangazo akiwa dirishani, ameinamisha mwili nje. Watu waliokuwa uwanjani walishuhudia kwamba hawakusikia kitu, na si ajabu, kwa sababu hakuna sauti ya mtu mmoja ambayo ingefika mbali katika umati wa ukubwa ule. Iwe ilisomwa au haikusomwa, saa moja haikungojwa: askari wa farasi waliingia wakiwa na panga, na baada ya muda mfupi uwanja ukawa mtupu, watu wasiopungua 15 wakiwa wameuawa au kujeruhiwa vibaya kiasi cha kufa baadaye, na mamia wengine wakiwa na majeraha. Tukio hilo lilipewa jina la Peterloo, kwa kulinganishwa na vita vya Waterloo vya miaka minne kabla. Tangu hapo swali la kama tangazo lilisomwa, na kama lilisikika, likawa swali la kisiasa ambalo mtu wa kawaida alilijua.

Ni katika mazingira hayo, ya sheria inayojulikana na kila mtu kwa jina na kwa vitisho vyake, ambamo Waingereza walianza kulitumia jina hilo nyumbani na kazini. Kufikia karne ya 19 mzazi aliweza kusemwa kuwa amewasomea watoto wake Sheria ya Ghasia, na bwana amewasomea watumishi. Kwa mtumiaji wa mwanzo maneno hayo yalikuwa na kutia chumvi ndani yake, kwa kuwa alijua kuwa mtoto anayepiga kelele hatanyongwa. Kadiri sheria ilivyozidi kufifia, chumvi ikaisha ladha na kilichobaki ni onyo. Adhabu ya kifo iliondolewa mwaka 1837 na nafasi yake ikachukuliwa na kupelekwa uhamishoni maisha. Miongoni mwa mara za mwisho tangazo kusomwa Uingereza ni mwaka 1919: tarehe 31 Januari, wafanyakazi waliogoma huko Glasgow walipokusanyika katika uwanja wa George Square wakidai saa za kazi zipunguzwe, sherifu alianza kusoma, na karatasi ikanyakuliwa mikononi mwake kabla hajamaliza. Sheria ilianza kuondolewa vitabuni mwaka 1967, na masalia yake yakafutwa mwaka 1973.

Kufutwa London hakukuwa mwisho wake. Kanada, kwa mfano, bado ina kifungu katika sheria yake ya jinai chenye tangazo linalokaribiana sana na lile la 1715, isipokuwa muda umepunguzwa kuwa dakika 30 na adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Mameya wa Winnipeg mwaka 1919 na Vancouver mwaka 1935 walilisoma mbele ya watu.

Kwetu Afrika Mashariki sheria hiyo iliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliacha kutumia Kanuni ya Adhabu ya India na kuweka kanuni mpya, ambazo mzizi wake ulikuwa kanuni aliyoiandika Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland huko Australia, na ndani yake yalikuwamo mabaki ya Sheria ya Ghasia bila jina lake. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, watu watatu wanatosha kufanya mkusanyiko usio halali, kama ilivyokuwa katika mapokeo ya Uingereza kabla ya 1715. Lakini kifungu cha 77 kinazungumzia watu kumi na wawili au zaidi waliokusanyika kwa ghasia, na kinampa hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kilichotajwa, au ofisa wa jeshi, mamlaka ya kutoa tangazo kwa jina la Rais, akiwaamuru watawanyike kwa amani. Kumi na wawili hao ni wale wale wa George wa Kwanza. Kifungu kinachofuata kinaruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika kuwashinda wanaokaidi, na kinatoa kinga kwa anayeitumia, karibu sawa na ilivyokuwa mwanzo.

Mambo mawili yamebadilika. Tangazo halina tena maneno maalumu, bali mtoaji anaruhusiwa kulitoa kwa namna atakayoona inafaa, na kwa hiyo ile kinga iliyomwokoa Child mwaka 1830 haipo, maana hakuna neno linaloweza kusahaulika. Na ile saa moja imeondolewa. Badala yake sheria inataja muda wa kutosha baada ya tangazo, bila kusema ni dakika ngapi. Kwa hiyo ofisa wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia anapotoa ilani kwa kipaza sauti, akiwataka waliokusanyika watawanyike, anafanya kazi ile ile aliyopewa hakimu wa amani wa Staffordshire zaidi ya miaka 300 iliyopita, lakini anayemsikiliza hana namna ya kujua, kwa kutazama saa yake, ni lini hasa muda wake umekwisha. Likizuka bishano juu ya muda huo, ni mahakama itakayoamua baadaye kama ulitosha.

Waziri aliyeandikwa gazetini kwamba amewasomea wakuu wa idara Sheria ya Ghasia ameazima jina la utaratibu huu wote. Mwandishi anayelitumia kwa usahihi atalitumia pale ambapo onyo limetolewa na mwenye mamlaka ya kulitekeleza, kwa watu ambao tayari wako katika mwenendo unaokatazwa, na wakaelezwa kitakachowapata wasipouacha. Waziri aliyepandisha sauti kikaoni kisha akaondoka bila kusema nini kitafuata amefoka tu, na kwa hilo Kiingereza kina maneno mengine.